Kunguru na Aina Zake

Mkifungua kitabu cha Walawi sura ya 11, panapotajwa ndege wasioliwa, mtaona kwamba kunguru hatajwi peke yake. Hutajwa pamoja na aina zake. Watu wa zamani walijua kuwa weusi wa manyoya haufanyi ndege wote kuwa mmoja.

Jambo hilo latuhusu sana sisi tulio pwani. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja. Wanaotakiwa kuondolewa ni wale wa asili ya Bara Hindi, ambao wengi huwaita kurabu. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na kufikia mwaka 1947 walikwisha kuonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vyetu pia, kama kila mama mfuga kuku ajuavyo. Hatuwatetei.

Lakini yuko kunguru mwingine, mwenyeji wa nchi hii tangu zamani, naye hana hatia katika shauri hili. Kurabu amekwisha kumsukuma kutoka miji mingi ya pwani. Je, sasa tummalize kwa manati ya vijana wetu kwa sababu tu naye ni mweusi?

Basi, tutazame kifua. Mwenyeji ana kifua cheupe pe, na weupe huo huzunguka hadi nyuma ya shingo, kama mtu aliyevaa fulana safi ndani ya koti jeusi. Mahali weupe unapokoma na weusi unapoanza pako wazi kabisa. Kurabu hana unyoya mweupe hata mmoja. Shingo na kifua chake ni rangi ya jivu, na jivu hilo huingia katika weusi polepole, bila mpaka. Hapo ndipo pa kuangalia hasa, maana jua la saa sita laweza kulifanya jivu lionekane jeupe, lakini haliwezi kuchora mpaka usiokuwapo.

Umbo nalo husaidia. Kurabu ni mwembamba, urefu wake kama sentimita 40. Mwenyeji ni mnene zaidi, hukaribia 50. Akiwa peke yake mtini ni vigumu kumpima, kwa hiyo tusitegemee ukubwa tu.

Ndugu zetu wa milimani wao wana kunguru wa tatu, mwenye mdomo mnene wenye ncha nyeupe. Weupe wake uko kisogoni tu. Kifua ni cheusi. Na huko kaskazini, Turkana na Marsabit, yuko mwenye mkia mfupi mno. Huyo huishi pia karibu na Bahari ya Chumvi, nchi ya nabii Eliya, ingawa Maandiko hayasemi ni aina gani iliyomletea chakula.

Sasa vijana wanaojitolea kuvunja viota katika miembe ya kanisa, twawaomba neno moja. Viota vyenyewe hufanana. Kisiguswe kiota mpaka mwenyewe atue na kifua chake kionekane. Hamtangoja sana, mwenye makinda hakawii kurudi.