Mgeni Anayelipa



Tumeombwa tuseme machache juu ya mgeni wa hotelini. Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa dogo, lakini vijana wetu wengi husafiri kwa mikutano na biashara, na wengine wameajiriwa katika hoteli za pwani. Kwa hiyo linatugusa kwa pande zote mbili.

Lugha yetu humwita "mgeni" mtu tusiyemjua, na kwa neno hilo hilo humwita tunayemkirimu. Zamani hali hizi mbili zilikutana bandarini. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ya kila mfanyabiashara anayeshuka chomboni kuchukuliwa na mwenyeji wake, akalala kwake, na mwenyeji huyo akamsimamia kuuza na kununua. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, aliwekwa katika nyumba ya wanafunzi na kuletewa chakula kutoka kwa Sultani. Kila mgeni alimjua aliyempokea kwa uso na jina.

Ukarimu huo ulikuwa na mpaka. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba kumkirimu mgeni ni siku tatu, na kwamba haimfalii mgeni kukaa hata akamtaabisha mwenyeji wake. Wazee wetu walikuwa wakali zaidi: siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hoteli imetuondolea uzito huo, nasi hatuoni ubaya. Mtu mwenye shughuli ya wiki mbili mjini hana haja ya kuwabana watoto wa nduguye katika chumba kimoja. Hata gesti ya vyumba sita kando ya stendi ina heshima yake, kwani humstiri msafiri asiye na jamaa.

Lakini wako watu ambao, wakishaweka fedha mezani, hudhani wamenunua nyumba pamoja na waliomo. Humwita mtu mzima kwa kupiga vidole, hutupa taulo sakafuni, huacha bomba wazi huku wakizungumza na simu. Ukiwauliza, hujibu: "Nimelipa." Wamelipia nini? Kitanda, shuka safi na mlinzi wa usiku. Hakuna risiti iliyoandikwa kwamba salamu imesamehewa. Na lile jembe la siku ya tatu halikufutwa. Amelishika mwingine, yule mama anayetandika chumba baada ya chumba, na ambaye mgeni huenda akaondoka bila ya kumwona.

Tena mwenyeji si mwenye hoteli peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 juu ya pwani ya mashariki ya Unguja ulikadiria kuwa mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku, kiasi cha mara 15 ya matumizi ya mkazi wa pale. Katika hoteli, karibu nusu ya maji ilikwenda kunyweshea bustani. Maji hayo ni mvua iliyozama ardhini, ambayo wanakijiji nao huyategemea. Yakivutwa kupita kiasi, visima vilivyo karibu na bahari huingia chumvi. Kijiji hakikumwalika mgeni huyo wala hakikupokea bei ya chumba chake, lakini ndicho kinachomnywesha.

Mtaniambia kwamba bustani si yake. Ni kweli. Mwenye hoteli huotesha majani mabichi juu ya mchanga kwa kuwa anaamini mgeni huyapenda, na ataendelea kuamini hivyo maadamu hakuna anayemwambia vingine. Basi mgeni na aulize mapokezini maji yanatoka wapi. Nanyi vijana wetu mnaokaa pale mapokezini, akiwauliza, mwonyesheni kisima kilipo, na mwambieni ni nani wengine wanaokichota.