Kamera Imefika Getini

(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeipiga chapa kwa kuwa wengi walikuwa zamu ya mchana, nao wameiomba.)



Mnajua neno lililotuleta hapa. Mwezi uliopita tajiri wa yadi moja ya makontena, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa mazungumzo naye hayajakwisha, alituletea barua. Barua yasema kwamba getini zitafungwa kamera za kusoma nambari ya kila kontena na ya kila lori, ziandike saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kupeleka hesabu ofisini zenyewe, bila karani. Makarani wa geti ni 11. Katika barua yote ya kurasa mbili, habari ya makarani hao ni mstari mmoja tu, kwamba watapangiwa mambo yao baadaye. Baadaye lini, na mambo gani, haikuandikwa.

Tangu siku ile nimesikia maneno mengi. Wako wasemao tuzivunje kamera usiku. Wako wasemao dunia imekwenda mbele, hakuna la kufanya, kila mtu arudi kwao akatafute jembe. Kwa maoni yangu wote wawili wamekata tamaa, mmoja kwa kelele na mwingine kwa kunyamaza. Nipeni dakika chache nieleze ninavyoliona jambo hili, kisha mtaamua wenyewe, maana chama ni chenu.

Baba yangu alikuwa kuli. Aliingia kazi ya meli zamani za magunia. Gunia la kahawa ni kilo 60, na mengine yalifika kilo 100. Watu walishuka ndani ya ngama ya meli, na joto la Mombasa la mwezi wa Februari mnalijua, wakapanga magunia katika wavu, winchi ikavuta, serangi akipiga makelele juu. Baba alipofika umri wa miaka 50 mgongo wake ulikuwa umekwisha, na bega la kulia limeshuka chini ya la kushoto. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba zamani kulikuwa na heri, mimi humwuliza: gunia ulilibeba wewe, au ulisimuliwa?

Kisha likaja sanduku la chuma. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka karibu na New York kwenda Houston, huko huko Marekani, ikiwa na makontena 58 juu ya deki. Mwenye shauri lile, Malcom McLean, hakuwa baharia. Alikuwa tajiri wa malori aliyechoka kuona malori yake yakingoja bandarini. Katika siku hizo kupakia tani moja ya mizigo ya mkono kuligharimu karibu dola 6. Kwa kontena ikawa senti 16 hivi. Fikirini tofauti hiyo. Hakuna tajiri duniani ambaye angeiona hesabu ile akailaza.

Mzigo ulioshughulisha genge zima siku kadhaa sasa waondolewa na kreni moja na watu wachache kwa muda wa saa. Migongo imepona, hilo ni kweli. Lakini nani alipata zile dola zilizookolewa? Tazameni London. Bandari ya zamani ya mji ule, iliyolisha maelfu ya familia, ilianza kufungwa gati baada ya gati tangu miaka ya 1960. Gati za West India na Millwall zilifungwa mwaka 1980, za Royal mwaka 1981. Kazi ilihamia Tilbury na Felixstowe penye nafasi ya makontena. Palipokuwa na makuli leo pamesimama maghorofa ya mabenki. Mashine ile ile, chuma kile kile.

Sasa nataka mkae kidogo na habari ya upande wa pili wa Marekani, pwani ya Pacific, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame leo. Makuli wa San Francisco na bandari za jirani walikuwa na chama chao, ILWU, na kiongozi wao Harry Bridges. Kwa miaka mingi walikuwa wamejilinda kwa masharti. Sharti moja lilikuwa kwamba mzigo wa winchi usizidi ratili 2,100. Matajiri waliyachukia masharti hayo. Bridges na wenzake walikaa chini wakapima: mashine itakuja, tutaizuia miaka mitano, labda kumi, kisha itatupita. Afadhali tuuze kibali chetu sasa, wakati bado kina bei.

Mwezi wa Oktoba 1960 wakaweka sahihi mapatano. Matajiri waliruhusiwa kuleta mashine na kubadili namna ya kufanya kazi. Nao wakatoa dola milioni 29 kwa muda wa miaka mitano na nusu, kulipia wazee waliokubali kustaafu mapema na kuhakikisha kwamba kuli aliyeandikwa kamili hatafukuzwa kwa sababu ya mashine, na mshahara wake hautashuka chini ya kiasi fulani hata kazi ikipungua. Yaani waliitambua faida ya mashine kuwa ni mali, wakadai sehemu yao kabla haijatiwa mfukoni.

Sitawaficha kasoro zake. Mapatano yale yaliwalinda walioandikwa kamili. Vibarua na wale wa daraja la pili walibaki nje mlangoni. Tena baadaye matajiri wakaanza kuwachukua waendesha kreni kuwa watu wao wa kudumu, mbali na zamu ya wenzao, na umoja ukaanza kupasuka. Mwaka 1971 na 1972 iliwabidi wagome jumla ya siku 134. Na hapa kwetu, ndugu zangu, ni wangapi katika mkutano huu walio na kandarasi ya miezi mitatu mitatu? Inueni mikono. Haya, mmeona wenyewe. Mapatano yasiyowataja hawa si mapatano.

Kuhusu kuvunja, nitasema kwa ufupi. Mafundi wa Nottingham kule Uingereza walianza kuvunja mashine za kusuka mwaka 1811. Serikali ikatunga sheria mwaka 1812 ya kuwaua wavunjaji, na Januari 1813 watu 17 wakanyongwa mjini York. Mashine zikabaki. Hapa kwetu, Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huko Kericho. Naijua hasira ile, wala simcheki mtu ambaye mkono wake ulimlisha miaka 20 kisha akaletewa chombo kinachofanya kazi ya watu wengi. Lakini baada ya moto tajiri hulipwa na bima, na mfanya kazi huitwa polisi.

Sasa turudi kwenye kamera. Kreni ilichukua kazi ya mgongo. Mitambo hii mipya, inayoitwa akili bandia, yachukua kazi ya macho, ya hesabu na ya kalamu. Si mibaya yote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba mitambo ya namna hii itumike kusoma picha za mapafu na kutafuta kifua kikuu kwa watu wazima. Mahali ambapo daktari wa kusoma picha hayupo, mgonjwa aweza kujulikana mapema. Mimi nilimpoteza mjomba kwa maradhi hayo, naye alizungushwa hospitali tatu kabla ya mtu kumwambia ana nini. Siwezi kusimama hapa nikaitukana mashine hiyo.

Lakini yatupasa tujue pia inapikwa wapi. Sehemu moja ni Nairobi. Vijana wetu huketi mbele ya kompyuta wakitazama picha za mauaji na maneno ya uchafu ili mtambo ujifunze kuyatambua. Januari 2023 gazeti TIME la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wengine wakatoka na majeraha ya akili na usingizi uliokatika. Siku ya Wafanyakazi, 1 Mei 2023, zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Hao ni wenzetu, ingawa hawavai buti.

Na wale waliotengeneza mitambo wenyewe wana hofu. Geoffrey Hinton, mmoja wa wazee wa elimu hiyo, aliacha kazi Google mwaka 2023 apate kusema wazi. Mwezi huo huo yeye na wataalamu wengine wakatia sahihi tamko kwamba hatari ya kuangamiza binadamu kwa mitambo hii ichukuliwe kwa uzito kama maradhi ya kuenea na vita vya nyuklia. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya Nobel, na bado anaonya. Mtu aweza kusema hayo ni makubwa mno kwa tawi letu. Labda. Lakini mtambo mkubwa na kamera ya geti vina swali moja: nani aliyeamua, na aliulizwa nani? Kama sisi hatuwezi kuulizwa juu ya kamera, sioni nani atakayeulizwa juu ya yale makubwa.

Sheria tunayo, tuitumie. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kujadiliana kwa pamoja. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 40, yasema tajiri anayepunguza watu kwa kuwa kazi yao imekwisha sharti akijulishe chama na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi, na alipe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia. Mstari mmoja wa "baadaye" hautoshi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa uamuzi mzito juu yake uliofanywa na mtambo peke yake. Maana kamera ile, angalieni, haisomi makontena tu. Itamsoma na dereva aliyechelewa, na karani aliyekwenda msalani.

Kwa hiyo kamati yashauri hivi. Kamera tusizikatae, wala tusizikubali bure. Makarani wote 11 wafundishwe kuzisimamia na kurekebisha makosa yake, kwa mshahara usiopungua. Atakayetaka kuondoka kwa hiari alipwe zaidi ya zile siku 15. Picha zisitumiwe kumwadhibu mtu kabla chama hakijaziona. Na vibarua wa yadi wahesabiwe katika mapatano sawa na sisi. Huenda tajiri akakataa. Makuli wa mashariki ya Marekani walikataliwa pia, wakagoma siku tatu kuanzia 1 Oktoba 2024, na mapatano yaliyofuata yakataja mishahara na mashine pamoja.

Karatasi za kura ziko kwa karani wa tawi pale mezani. Wa zamu ya usiku wapige kwanza, basi lao laondoka saa kumi na mbili. Sasa natoa nafasi ya maswali, na naomba makarani wa geti wasemeshwe kabla ya mtu mwingine yeyote.