Gesi ya Kiyoyozi katika Gari la Zamani

Joto la njia ya Kilosa na Mikumi mwalijua, lakini usimruhusu fundi ajaze gesi ya kiyoyozi kwa kubahatisha. Fungua boneti, usome kibandiko. Kikiwa kimebanduka, tazama vali za kujazia. Za R12, gesi iliyotumika hadi mwanzo wa miaka ya 1990, zina hesi kwa nje, kama parafujo. Za R134a ni pana na nyororo; mpira hushikizwa tu. Gari la R12 lililobadilishwa vizuri huwa limefungiwa vali mpya. Wengine hubadilisha ovyo, basi muulize aliyekuuzia. Mafuta ya gesi hizo mbili hayapatani. Zikichanganywa kompresa huweza kufa, na kompresa si bei ya kuku.