Amri ya Kumi na Deni la Siku ya Komunyo

Leo twasema juu ya Amri ya Kumi, ile itukatazayo kutamani mali ya wenzetu.

Swali: Je, mtu aweza kuivunja amri hii pasipo kugusa kitu cha jirani?
Jibu: Aweza.

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Likasi, baba mmoja alimwona jirani yake akimvika bintiye gauni jipya jeupe siku ya Komunyo ya kwanza, akachinja mbuzi, akaleta na kreti za bia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mtoto wake yeye. Akaona haya. Akaenda mjini kwa wale wakopeshaji ambao watu huwaita "Banki Lambert": ukichukua faranga 100,000 leo, mwezi ukiisha wadaiwa 150,000. Karamu ilikwisha kwa siku moja. Ili kulipa, aliuza mahindi yote aliyovuna, hata yale ya mbegu. Mvua za Novemba ziliponyesha, hakuwa na cha kupanda. Alipokwenda kuomba mbegu kwa jirani yule, alimkuta naye angali akilipa deni la mbuzi.

Basi twaona karamu ya mwenzetu, deni lake hatulioni. Twapima nyumba zetu kwa kipimo cha kuazima.

Desturi hii haikuanza jana. Katika kambi za wafanyakazi wa shaba, kule Shituru na Panda, wanaume walipokea mshahara siku moja, na kila mke aliona kilichoingia nyumbani mwa mwenziwe. Aliyekopa alijua mwisho wa mwezi utamsaidia kulipa. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Mshahara ulikoma, kipimo cha karamu kikabaki, kikatufikia hata sisi wa vijijini, tusiowahi kupokea mshahara.

Kukopa kwa ajili ya dawa au mbegu si dhambi. Likelemba nayo ni njema, mradi zamu yako isiishie katika bia.

Nasi makatekista twaungama kosa letu: tuliwapanga mbele watoto wenye viatu vipya, wala hakuna Padri aliyetuamuru. Mwaka huu tumeshona kanzu nyeupe za namna moja, zitakazokaa sakristiani. Kila mtoto atavaa, kisha atarudisha. Akina mama watapika bukari pamoja uwanjani. Baba yule amekwisha kumwandikisha mtoto wake wa pili.