Ufundi na Uadilifu katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi
Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule imwandae mwanafunzi kuitumikia jamii yake badala ya kumtenga nayo. Kwa mwelekeo huo, kuanzia mwaka 1975 Tanzania, ikisaidiwa na Uswidi, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, yaani vyuo vya watu wazima vinavyofundisha stadi kama useremala, uashi, ushonaji na kilimo pamoja na elimu ya uraia. Kuyaunganisha masomo hayo kulikuwa uamuzi sahihi kabisa, kwa kuwa uadilifu unaokuzwa na elimu ya uraia ni sehemu ya ufundi wenyewe: mwashi anayepunja saruji, hata akiwa na cheti, huhatarisha maisha ya watoto watakaosomea katika darasa alilolijenga.