Aliyepasuliwa Ubongo Arudi Lini kwa Ndege?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Halmashauri ilinitaka nizungumze juu ya afya. Neno hilo ni pana kama bahari, na dakika nilizopewa ni ishirini. Kwa hiyo nitashika jambo moja tu, ambalo limetugawa sisi wenyewe mwezi huu: mtu aliyefanyiwa operesheni ya uvimbe wa ubongo aweza kupanda ndege baada ya siku ngapi?

Wengi mnajua chanzo chake. Mwenzetu mmoja, naye ameniruhusu nilitaje jambo lake bila kutaja jina, alipasuliwa huko Chennai, India, siku kumi na mbili zilizopita. Mfuko wetu ulimkatia tikiti ya kwenda na kurudi, na siku ya kurudi ilikuwa juzi. Hakupanda. Daktari wake amemtaka angoje picha nyingine ya kichwa. Kubadili tikiti ni fedha, chumba cha kulala ni fedha, na ndugu anayemwuguza ameacha kazi yake huku nyumbani. Maneno yamekuwa mengi. Nimesikia kwa masikio yangu: "Mbona anatembea, anakula, anapiga simu? Anangoja nini?" Swali hilo si la kipumbavu hata kidogo. Jibu lake lamo katika daftari za fizikia za vijana hawa.

Vijana, mmefundishwa Kanuni ya Boyle. Bwana Robert Boyle aliichapisha mwaka 1662, naye hakuwahi kuota ndege ya abiria. Kanuni yasema kwamba hewa iliyofungiwa mahali, joto lisipobadilika, huongezeka ujazo kadiri kanieneo inavyopungua. Aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya ameiona kanuni hiyo bila kuijua: pakiti ya krispi iliyofungwa pwani hufika Mbeya imevimba kama puto. Hakuna aliyeipuliza. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, na hewa ya kule haiibani ile pakiti kwa nguvu ile ile ya pwani.

Sasa tuingie kichwani. Daktari apasuapo fuvu, hewa huingia. Si kosa lake wala si uzembe. Amefungua dirisha la mfupa, ametoa uvimbe, maji yanayouzunguka ubongo yamemwagika kiasi, na mahali palipobaki wazi hewa hujikalia. Kisha dirisha hufungwa, na hewa imo ndani. Mwili huinyonya polepole, siku kwa siku, bila dawa yoyote.

Polepole kiasi gani? Mwaka 1994 madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha uchunguzi wao wa picha za vichwa vya watu waliopasuliwa sehemu ya juu ya ubongo. Katika siku mbili za kwanza wote walikuwa na hewa. Juma la kwanza, watatu kati ya wanne. Juma la pili, kama sita katika kila kumi. Juma la tatu bado mmoja kati ya wanne hivi. Mwenzetu yuko katika juma lake la pili. Pigeni hesabu wenyewe.

Ndege kubwa huruka futi 35,000 na zaidi, lakini abiria hawavuti hewa ya huko juu. Mitambo hukisukumia hewa chumba cha abiria mpaka kiwe kama mlima wa futi 6,000 hadi 8,000. Dar es Salaam kanieneo ni kama milimita 760 za zebaki. Katika chumba cha futi 8,000 hushuka hadi kama 565. Mililita 30 za hewa, yaani vijiko viwili vya chakula, huwa mililita 40. Tumboni ungejamba yakaisha (Mwalimu Mkuu aniwie radhi). Lakini fuvu ni chungu cha mfupa kisichotanuka. Ndani yake mna ubongo, damu na maji, basi. Hewa ikitanuka, kimoja cha hivyo vitatu lazima kipishe njia. Maji hupisha kwanza, na ndiyo maana kiputo kidogo kwa kawaida hakileti madhara. Kiputo kikiwa kikubwa, maji huisha kupisha, na ubongo ndio unaobanwa. Mtu huumwa kichwa vikali, hutapika, husinzia, huchanganyikiwa, au mkono hulegea. Na hapo chini ni Bahari ya Hindi, hakuna chumba cha upasuaji.

Niseme jambo ambalo hata wasomi husahau: tofauti ndiyo inayohesabika, si urefu peke yake. Aliyepasuliwa Nairobi, ambako mji wenyewe uko juu kama Mbeya, akiingia ndege ile ile hewa yake hutanuka kwa sehemu moja tu katika kumi, maana kichwa chake kilifungwa kwenye hewa nyepesi tangu mwanzo. Aliyepasuliwa Chennai, mji wa pwani, hutanukiwa kwa theluthi nzima. Na wale wapitao Addis Ababa wasidhani kwamba kutua pale ni mapumziko. Uwanja ule uko mita zaidi ya 2,300 juu, karibu sawa na ndani ya ndege yenyewe. Ndege za aina ya Boeing 787 na Airbus A350 zina nafuu, kwani chumba chake huwekwa kama futi 6,000.

Basi, ni siku ngapi? Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza hushauri mtu angoje kama siku 7 baada ya operesheni ya ubongo. Mwongozo wa kidaktari wa chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, hutaja siku 10, tena kwa sharti kwamba fuvu halina hewa na hali ya mgonjwa ni nzuri. Madaktari wengi wa upasuaji huongeza hapo, wakasema majuma manne au sita, na wengine zaidi. Mtasema hawa watu hawapatani. Mimi naona wanapatana katika jambo lililo kubwa: kalenda haioni ndani ya fuvu, picha ndiyo inayoona. Mtu wa siku ya tisa ambaye picha yake ni safi yuko salama kuliko wa siku ya ishirini mwenye hewa nyingi. Yule aliyepasuliwa kwa kupitia puani hungojeshwa zaidi, kwa sababu pua na fuvu vimetobolewa pamoja. Akiona maji maangavu yanamchuruzika puani, asiguse kabisa ngazi ya ndege.

Hewa siyo adui pekee. Kuna kifafa, ambacho huwapata wengi wenye uvimbe wa ubongo, na oksijeni iliyopungua ndani ya ndege pamoja na usiku usio na usingizi humfungulia mlango. Dawa za kifafa zisirukwe. Chennai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu: aliyezoea kumeza saa mbili asubuhi kule, atameza saa kumi na moja na nusu alfajiri hapa, kisha asogeze taratibu. Dawa ya kupunguza uvimbe, deksamethasoni, isikatwe ghafla. Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, kwani sanduku laweza kufika kesho kutwa. Kuna pia damu kuganda miguuni, hatari iliyo kubwa kwa aliyepasuliwa ubongo kuliko kwa msafiri wa kawaida. Anyooshe miguu, asimame kila inapowezekana, na amwulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Katika miaka niliyofanya kazi ya kutoa nusukaputi niliwaona ndugu wakihangaika kwa karatasi kuliko kwa ugonjwa. Shirika la ndege hutaka fomu iliyojazwa na daktari, na huweza kumkataa mgonjwa mlangoni asipokuwa nayo. Arudi pia na picha zake na majibu ya maabara ya kile kinyama kilichotolewa. Bila majibu hayo, daktari wa hapa huanza upya.

Lakini wanaodhani kungoja hakuna gharama isipokuwa fedha nao wanisikilize. Uvimbe ukiwa wa saratani ile kali, tiba ya mionzi yatakiwa kuanza ndani ya majuma machache, kwa kawaida matatu hadi sita tangu operesheni, nayo huchukua kama majuma sita. Kwa hiyo hatumngojei mwenzetu mpaka atakapojisikia. Picha ipigwe wiki hii, na kama ni safi, apande. Kama bado ana hewa, apigwe nyingine baada ya siku chache, na wakati huo huo sisi tumwekee nafasi ya mionzi huku.

Ndugu Mwenyekiti, naleta ombi rasmi: mfuko ulipe nyongeza ya tikiti na malazi ya majuma mawili, na tarehe mpya aiandike daktari, si mweka hazina wetu, ingawa namheshimu sana. Nimemwona ametikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa. Naomba tupige kura kabla ya chai, halafu nitajibu maswali ya vijana.