Taarifa ya Mbunge Isiwe Orodha ya Zawadi



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya taarifa ambayo mbunge huwapa wananchi anaporejea jimboni kutoka katika vikao vya Dodoma. Utaratibu wake sote tunaujua. Mkutano huitishwa, mbunge husimama, akataja madarasa yaliyojengwa, visima vilivyochimbwa na kilometa za barabara zilizochongwa. Makofi hupigwa na watu hutawanyika. Vitu hivyo si vidogo, na anayeishi bila maji hawezi kuvidharau. Lakini orodha hiyo, ikiachwa peke yake, huificha kazi ambayo mbunge alitumwa kuifanya kabla ya nyingine zote.

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Bunge hutunga sheria na kuidhinisha matumizi ya fedha za umma. Mbunge wa jimbo ni mjumbe pia wa Halmashauri ya Wilaya. Hana hazina yake mwenyewe. Hata Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni fedha za umma. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, na miradi hutakiwa kuibuliwa na wananchi katika kata. Basi mbunge anaposema "nimewaletea", imempasa mwananchi ajiulize: kimeletwa kwa fedha za nani, na kwa sheria ipi?

Tuchukue mfano wa barabara. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, ili fedha hizo ziende kwenye barabara za vijijini na mijini zinazohudumiwa na TARURA. Mkulima wa Endamarariek hana gari, lakini hupanda pikipiki kwenda Karatu mjini, na gunia lake la mbaazi hupakiwa kwenye lori. Nauli yake na gharama ya mzigo wake vimebeba sehemu ya shilingi hizo. Huyo ni mchangiaji wa barabara. Greda linapofika kijijini, limefika kwa fedha ambazo yeye naye amezitoa, na ana haki ya kuuliza kwa nini limeishia njiani.

Tuchukue na mfano wa mazao. Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tena ilimsamehe ushuru mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa wilaya yenye mahindi, maharage, ngano na vitunguu vya bonde la Eyasi, hili lilikuwa jambo kubwa kuliko visima vingi. Lakini lilimfaa nani? Lilimfaa yule aliyelijua. Mkulima aliyefika kwenye kizuizi na magunia yake matano, asiyejua kwamba sheria imebadilika, alikuwa radhi kulipa alichoambiwa. Sheria isiyojulikana kwa mwenye haki ni kama jembe lililofungiwa ghalani wakati wa kulima.

Sasa nifike kwenye jambo linalotatiza zaidi, nalo ni hili: mwananchi amdai nani? Katika miaka michache, wajibu ulihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2017 TARURA ilianzishwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, na barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zikahamia huko. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5, iliyoanzisha RUWASA. Wataalamu wa maji waliokuwa chini ya halmashauri wakahamia katika wakala huo, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vikawekwa chini ya usimamizi wake.

Pengine mabadiliko hayo yalikuwa na sababu njema. Fundi wa barabara na fundi wa maji anahitaji kuamrishwa na utaalamu. Lakini tazameni yaliyompata mwananchi. Bomba linapopasuka, bado humwendea diwani. Diwani hulipeleka neno kwenye Baraza, na Baraza hujibu kwamba jambo hilo si lake tena. Mwananchi hurudi nyumbani akiamini kwamba diwani wake ni mzembe, kumbe mlango ulihamishwa wala hakuambiwa. Wa kumwambia alikuwa nani, kama si yule aliyekuwamo ukumbini sheria ilipopitishwa?

Katika Karatu suala la maji lina uzito wake wa pekee. Kwa miaka mingi wananchi wa vijiji kadhaa vya wilaya hii waliendesha maji yao wenyewe kupitia chombo chao, KAVIWASU. Watu waliozoea kuchagua viongozi wao wa maji na kuulizia mapato yao hawawezi kuchukuliwa kama wapokeaji tu. Sheria inapogusa chombo cha namna hiyo, maswali huwa ya haki: Nani ataweka bei ya ndoo? Nani atayaona mahesabu? Mtambo ukiharibika, nani ataununua mwingine? Mbunge anayerudi na majibu ya maswali haya amefanya kazi kubwa, hata kama hakuja na bomba hata moja.

Wapo watakaosema kwamba sheria ni mambo ya wanasheria. Sababu hiyo ilikuwa na nguvu zamani, sheria zilipotungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Wala haitoshi kungoja hadi sheria imekwisha kupita. Kwa utaratibu wa kawaida muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwenye kamati, na wadau hualikwa kutoa maoni. Huo ndio wakati wa kata kama hii kusema neno lake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inagusa kila kaya. Ni watu wangapi hapa waliousoma muswada wake, au kusomewa?

Ndugu walimu, ninyi mnaijua tofauti nyingine ambayo taarifa nyingi huifunika: tofauti ya sheria na waraka. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015. Wasichana walioacha shule kwa kujifungua waliruhusiwa kurejea kwa waraka wa mwaka 2021. Waraka hutolewa na Serikali, na Serikali yaweza kuubadili bila kura ya Bunge. Mzazi anayejua hilo atamwomba mbunge wake aulize bungeni iwapo jambo jema lililoanzishwa kwa waraka lisiwekewe msingi wa sheria.

Jimbo la Karatu liliwakilishwa na wabunge wa upinzani tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2020, kisha likachukuliwa na CCM. Katika vipindi vyote hivyo watoto walihitaji madawati, na kina mama walihitaji maji karibu na nyumbani. Shilingi 100 ya mafuta haimuulizi mlipaji kadi yake. Huduma iliyowekwa kwa sheria ni haki ya raia; huduma inayotangazwa kuwa zawadi humfanya raia kuwa mwombaji, na mwombaji hachagui.

Kwa hiyo taarifa ya mbunge na ijibu mambo manne: ni sheria zipi zimepitishwa tangu tulipoonana, naye alisema nini juu yake, fedha gani zimeidhinishwa kwa kata hii, na ngapi zimefika, nani sasa anawajibika kwa kila huduma, na ofisi yake iko wapi, na maswali tuliyokupa yamejibiwaje. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Afisa Mtendaji abandike majibu hayo ubaoni. Mwalimu, ambaye kijiji humwamini kwa kusoma, awasomee wasiojua kusoma, bila kuongeza wala kupunguza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mbunge ni mali ya wapiga kura. Akija tena, tumpokee kwa heshima, tumpe kiti, kisha tumwombe alifungue.